Shangazi wa Stensili: Kadi Zenu na Tope Lake

Desemba imeingia, na barua zinazonifikia zina alama za vidole vya rangi. Wiki hii najibu waliokwama mezani, katikati ya wino na karatasi za manila.

*Shangazi, shikamoo. Nina stensili za lile ua jekundu la Krismasi, za matabaka manne. La kwanza lilikaa vizuri. La pili likapita pembeni kidogo. Kufika la nne, petali zimeachana na vivuli vyake, na mume wangu anauliza ni kuku gani huyo aliyechinjwa. — Mama Petali, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Mkono wako mzima kabisa. Kadi ndiyo iliyokuwa ikitembea. Bandika vipande viwili vya kadibodi mezani vikutane kama herufi L. Sukuma kadi mpaka iingie konani, ishike kwa selotepu, halafu kila stensili nayo isukume mpaka kona ileile. Stensili za seti moja kwa kawaida hukatwa kwa ukubwa mmoja, hivyo kona itakufanyia nusu ya kazi. Nusu nyingine ni macho: kabla hujagusa wino, chungulia matunduni uone kama unachokiona ni ua au ni karatasi nyeupe.

Halafu fuata namba. Kwa kawaida tabaka la kwanza ni umbo zima, nalo hupewa rangi nyepesi kuliko zote. Yanayofuata ni vivuli, na kila moja hukolea kuliko lililotangulia. Ukianza na wekundu uliokolea, hutapata mahali pa kuweka kivuli, na kuku atazidi kutoka damu.

Kuhusu wino wenyewe, nisikilize hapa maana ndipo wengi wanapoharibu. Gusa pedi kidogo. Zungusha brashi kwenye karatasi chakavu mpaka iache ukungu tu. Anzia juu ya plastiki ya stensili, nje ya tundu, kisha ingia ndani kwa miduara midogo bila kukandamiza. Brashi iliyolowa, ikitua moja kwa moja ndani ya tundu, huacha doa ambalo halitoki, na wino hupenya chini ya kingo. Rangi hukolezwa kwa kurudiarudia. Ndiyo, mkono utachoka. Yule bwana mwenye maoni kuhusu kuku ana mikono miwili. Mpe kazi ya kufuta stensili kwa kitambaa kibichi kila tabaka linapokwisha.

*Shangazi, nimechanganya nyekundu na kijani, rangi za sikukuu, nikapata rangi ya barabara ya kijijini kwetu wakati wa masika. — Mpenda Rangi, Nakuru*

Nyekundu na kijani zinatazamana kwenye gurudumu la rangi. Zikikutana zinauana na kuacha kahawia. Ziwekee manjano katikati, au ziachie uwazi mweupe. Kila rangi iwe na brashi yake. Ukiwa na subira, acha ya kwanza ikauke kabisa kabla hujaleta ya pili. Wino unaozama ndani ya karatasi hukauka upesi. Ule mzito unaokaa juu huchelewa, na kiganja chako kitakuwa cha kwanza kuujua.

*Shangazi, mdogo wangu kachukua brashi yangu ya poda akapakia kadi. Sikujua. Nimefika kazini nikiwa na shavu la kijani. — Nimeaibika, Tanga*

Mdogo wako ana jicho: brashi nene laini za poda zinasambaza wino vizuri sana. Mwachie hiyo, akununulie mpya.

*Shangazi, stensili za dukani ni ghali. Naweza kukata za kwangu kwa picha ya eksirei ya babu? — Mbana Matumizi, Kigoma*

Unaweza, baada ya kuhakikisha daktari wa babu haihitaji tena. Iloweke kwenye maji yenye jiki, nje, ukiwa umevaa glavu. Ule weusi utatoka na kukuachia plastiki safi. Kata kwa kisu chembamba chenye makali juu ya kibao. Sasa jihadhari na visiwa. Katika HERI YA KRISMASI kuna R mbili na A mbili, na kila moja ina kipande cha katikati kitakachodondoka usipokiachia kidaraja cha plastiki. EID MUBARAK ina visiwa sita, kwa hiyo ndugu zetu Waislamu waanze mapema.

*Shangazi, nimegawa kadi zangu mtaani. Jirani mmoja kaniona na bahasha kazima taa. Mwingine kasema nirudi mwisho wa mwezi. — Nimesusiwa, Dar es Salaam*

Mwanangu, katika mji huu bahasha yenye kadi inamaanisha harusi, na harusi inamaanisha mchango. Andika juu kwa herufi kubwa: HAKUNA KAMATI.

Wala usidhani kadi ya Krismasi ilizaliwa ikiwa na upendo mwingi. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na marafiki wengi kuliko muda wa kuwajibu barua. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha, ikachapwa, ikapakwa rangi kwa mkono, na zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja kila moja, pesa nyingi siku zile. Picha ilionyesha familia ikinywa divai, mtoto mdogo akiwemo, na wapinga pombe wakaja juu. Kumbe kadi ilianza kama njia ya kukwepa kuandika! Wewe uliyeinamia matabaka manne umeigeuza kuwa kazi kuliko barua yenyewe, kisha jirani anakuzimia taa. Mpitishie chini ya mlango.

*Shangazi, leo ni tarehe 24 Desemba na sijaanza. — Nimechelewa, Mombasa*

Ethiopia wanasherehekea Krismasi Januari. Tafuta rafiki Mhabeshi.