Mhadhara wa Wepesi kwa Manseba wa Likasi

Waheshimiwa viongozi mlioalikwa mkakosa kufika, waheshimiwa viongozi msioalikwa mkafika kwa sababu mlisikia kuna soda, wababa na wamama wa Kikula, Panda, Shituru na mjini kati, na ninyi vijana manseba mliokalia pikipiki zenu huku mguu mmoja uko chini tayari kumkimbilia mteja: zimeni mashine. Sayansi haishindani na ekzosi.

Jina langu halina haja ya kutajwa, vyeo vyangu vinatosha. Mimi ni Profesa wa Wepesi, Daktari wa Uwiano wa Nguvu na Uzito, na Mshauri Mkuu wa Kimataifa wa Upunguzaji Kilo, makao makuu chini ya mwembe huu huu. Wenye husuda huuliza ni chuo gani kilichonipa uprofesa. Nilitafuta chuo chenye uwezo wa kunitahini, sikukiona. Nikalazimika kujitahini mwenyewe, nikajipa alama za juu, maana mtahini na mtahiniwa walielewana tangu swali la kwanza.

Sasa mada. Mtu asiyesoma akiona pikipiki huuliza, "Ina sisi ngapi?" Msomi huuliza, "Ina farasi wangapi, na farasi hao wanavuta nini?" Chukua nguvu za farasi, gawanya kwa uzito, basi umepata uwiano. Na farasi wa wahandisi hali majani. Ni nguvu ya kunyanyua kilo 75 hadi mita moja kwa sekunde moja. Hesabu hiyo chimbuko lake ni James Watt, Mskoti wa karne ya 18, aliyetaka wateja waelewe injini yake ya mvuke itashika nafasi ya farasi wangapi. Mnaona? Hata Watt alikuwa mfanyabiashara kwanza, msomi baadaye. Mimi nimefuata nyayo zake, isipokuwa biashara bado haijaanza.

Uwiano huo unaboreshwa kwa njia mbili: kuongeza nguvu au kupunguza uzito. Ukiongeza nguvu, umefaidika pale unapokaza mafuta tu. Ukipunguza uzito, umefaidika unapoondoka, unapokata kona, unapofunga breki, unaponunua tairi na unapolipia mafuta. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliishi kwa imani hiyo. Gari lake la Lotus Seven la mwaka 1957 lilikuwa na uzito wa kama kilo 500, na kwa injini ndogo tu liliwatoa jasho wenye magari makubwa. Wasweden nao, mwaka 2014, wakatoa Koenigsegg One:1, farasi 1,360 kwa kilo 1,360. Kila kilo na farasi wake, kama wanafunzi na madawati katika nchi nilizozisoma vitabuni.

Halafu kuna Ferrari F40 ya mwaka 1987. Hiyo ilitolewa mazulia, ikanyimwa redio, na ndani ya mlango, mahali pa kitasa, wakaweka kikamba cha kuvuta. Matajiri wakapanga foleni kukinunua kikamba hicho. Nawauliza, ndugu zangu: ni nani katika Likasi hii hajapanda Hiace isiyo na zulia, isiyo na redio, ambayo mlango wake unafunguliwa kwa waya na konda peke yake? Waitaliano walitoza fedha za kutisha kwa ufundi ambao sisi tunaupata kwa nauli ya kawaida. Nimeandika barua kudai haki zetu. Sijajibiwa, jambo linaloonyesha wamekosa hoja.

Tuje kwenye pikipiki. Ducati walitoa Superleggera V4 mwaka 2020, pikipiki 500 tu kwa dunia nzima. Fremu ni ya nyuzi za kaboni, rimu ni za nyuzi za kaboni, na ikifungwa vifaa vyake vya mbio inafika farasi 234 kwa kilo 152 bila mafuta. Hiyo ni sawa na farasi 1,540 kwa tani. Lakini sikilizeni siri ambayo wauzaji huisema kwa sauti ndogo: mpandishe dereva wa kilo 75, na hesabu inaporomoka hadi farasi 1,030 kwa tani. Theluthi moja ya sifa imeliwa na mtu mmoja, naye hata mfuko hajabeba! Ndiyo maana wakubwa wa Formula 1 waliona madereva wanajinyima chakula ili gari liwe jepesi, wakaweka sheria mwaka 2019 kwamba dereva pamoja na kiti chake wahesabiwe kilo 80 kwa uchache. Adui wa wepesi ni binadamu. Andikeni hiyo.

Baada ya kuizunguka dunia bila pasipoti, narudi nyumbani. Kijana mmoja hapa amejitolea pikipiki yake kwa ajili ya sayansi. Ni Boxer ya sisi 150, farasi wapatao 12, uzito wa kama kilo 120. Kabla hata hajapanda mtu, Likasi imekwishamwibia. Mji wetu uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kabureta inavuta hewa pungufu, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Farasi 12 waliotoka India wakiwa wazima, huku wanabaki kama 10.4. Mmoja na nusu amefia njiani kwa kukosa pumzi. Manseba akipanda peke yake, tuseme ana kilo 65, tuna jumla ya kilo 185, sawa na farasi 56 kwa tani. Si haba.

Lakini ni nani amewahi kumwona manseba peke yake akiwa kazini? Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wahenga hao hawakufika Katanga. Mama anatoka sokoni na gunia la makaa la kilo 50. Nyuma yake kuna dada yake, na mbele, juu ya tangi, yuko shemeji. Abiria watatu, dereva, gunia, pikipiki: kilo 430. Farasi 24 kwa tani! Ukiitaka pikipiki hiyo ipande mlima wa asilimia 10 kwa kilomita 60 kwa saa, kunyanyua uzito huo peke yake kunadai farasi tisa na nusu, kabla ya kulipa deni la upepo, la cheni na la tairi. Hapo ndipo mnaposikia gia ya pili ikilia kama inaomba msamaha.

Tufanye nini? Hapa ndipo ninapostahili makofi, msinicheleweshe.

Mizani hii mnayoiona nimeiazima kwenye depo moja ya kununulia madini. Wachimbaji wanailalamikia, wanasema mtu akipandisha gunia la mawe, gunia linapungua papo hapo. Mimi naiheshimu. Chapman alihangaika maisha yake yote na alumini, na hii hapa inapunguza uzito bila kufungua hata skrubu moja.

Kijana, leta spana namba 14. Fungua vioo. Tazameni kwa karibu: nati ya kulia inatoka upesi, ya kushoto imeshika kutu, anaigonga kwa kisigino cha kiatu, inatoka na vumbi jekundu. Weka kwenye mizani. Sindano imetikisika! Vioo vya nini, hata hivyo? Yaliyo nyuma yamekwisha kupita. Toa indiketa zote nne, maana anayekufuata ataona mwenyewe umekata kona. Toa mfuniko wa cheni. Toa madigadi ya mbele. Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza, tope litaruka hadi usoni mwa dereva, lakini tope hilo ni suala la idara nyingine. Toa honi, kwani Mungu alikupa mdomo. Na mwisho, ile helmeti inayoning'inia kwenye mkono wa usukani kwa ajili ya kumwonyesha askari wa barabarani: kilo moja na nusu! Itupe kule.

Jumla, kwa mizani hii tukufu, tumeokoa kilo tano. Kutoka 430 tumeshuka hadi 425, na uwiano umepaa kutoka farasi 24.2 kwa tani hadi 24.5. Sifuri nukta tatu, mabibi na mabwana! Haba na haba hupunguza kibaba.

Naona mama mwenye gunia ameinua mkono. Anasema, "Baba Profesa, kama yule shemeji angeshuka atembee, tungepata ngapi?" Swali la mtu asiyezoea mihadhara, lakini nitalijibu kwa heshima. Kilo 365. Farasi 28 na nusu kwa tani. Naam, ni zaidi ya mara kumi ya faida ya spana yangu. Lakini mama, kumshusha shemeji hakuhitaji uprofesa. Kungekuwa na sayansi gani hapo? Tuendelee.

Wapinzani wangu hawaishi kunitajia Jochen Rindt. Ni kweli, Rindt aliendesha Lotus ya Chapman, na Septemba 1970 alikuwa Monza, Italia, katika mazoezi kabla ya mashindano. Gari lilikuwa limevuliwa mabawa ili upepo usilizuie. Mwenyewe alikuwa hafungi mkanda ule unaopita katikati ya mapaja. Shafti ya breki ya mbele ikakatika, gari likaacha njia likagonga kizuizi, na Rindt akafa. Mwaka huo akawa bingwa wa dunia, bingwa pekee wa Formula 1 aliyepewa taji akiwa kaburini. Wapinzani wanasema kisa hiki kinafundisha kwamba kuna vitu havitolewi. Mimi nasema hakituhusu, kwa kuwa pikipiki ya Likasi haina mabawa.

Wanasema tena kwamba breki haijui farasi. Kwamba pikipiki ya kilo 430 inateremka na nguvu mara mbili na zaidi ya ile ya kilo 185 kwa mwendo ule ule, na breki za ngoma zilitengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Hizo ni hesabu za kuteremka. Mimi shahada yangu ni ya kupanda.

Nigusie siasa, maana hotuba isiyo na siasa haichapishwi. Dunia sasa inatengeneza magari ya umeme. Tesla Model S Plaid ina farasi 1,020, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 2,100, na sehemu kubwa ya uzito huo ni betri. Ndani ya betri nyingi kuna kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, katika ardhi hii hii ya kuanzia huku hadi Kolwezi. Gari moja la umeme hubeba pia kama kilo 80 za shaba. Basi fikirini: wao wametuachia mashimo, ambayo ni mepesi kuliko kitu chochote, nasi tumewapa uzito. Nani amefaulu katika somo la wepesi? Katanga imejipunguza kwa zaidi ya miaka mia moja, tani kwa tani, reli kwa reli, na bado mwendo haujaongezeka. Jambo hili linanisumbua kitaalamu, na ninaliachia Serikali.

Mama ameinua mkono tena. Anauliza mimi mwenyewe nina kilo ngapi. Mganga hajigangi, mama. Tumbo hili ni maktaba.

Nahitimisha kwa maazimio, ambayo nimeyapitisha kwa kauli moja, yangu. Kwanza, vioo, indiketa, honi na helmeti zitambuliwe rasmi kuwa maadui wa maendeleo. Pili, abiria wa tatu alindwe kama urithi wa taifa. Tatu, mizani ya depo iwekwe makumbusho.

Nimechelewa, na jua linazama. Naomba manseba mmoja anipeleke Panda. Awe na vioo vyote viwili, taa zote zinazowaka, honi, breki zilizofungwa upya, na helmeti mbili, moja ya kwake na moja ya kwangu. Na asipakie mtu mwingine wala gunia, hata tukimkuta njiani anayelipa mara mbili. Mimi ni baba wa watoto.