Nyumba Imehama, na Taa Yake

Ukitaka kujua kama kampuni inakua haraka, usiulize faida, hesabu vyeo. Mimi niliajiriwa Garsen kuuza taa za sola kwa mkopo. Kabla sijaona mshahara wa pili, nilikuwa nimeshapita Wakala na Balozi wa Mwanga, sasa naitwa Meneja wa Kanda ya Delta. Vyeo vilipanda, mshahara ukakaa kitako. Ofisi ya kanda ilikuwa kibanda cha mabati pale stendi, katikati ya muuza miraa na fundi wa pikipiki.

Biashara yenyewe ina akili. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Wakenya tumezoea kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mteja anatoa kianzio, kisha analipa kila siku. Asipolipa, taa inajifunga yenyewe, bila dalali wala askari. Tatizo ni kwamba waliouchora mpango huo Nairobi hulipwa kila mwisho wa mwezi. Tana River pesa ina majira yake: mkulima wa Kipokomo hushika noti maembe yakiiva, mfugaji wa Kiorma akiuza ng'ombe mnadani.

Mteja wangu bora alikuwa mzee mmoja mfugaji. Kiangazi kilipokaza, alifungasha kila kitu akashuka deltani kutafuta malisho, taa ikining'inia juu ya punda. Huko Nairobi wakaona nukta ya taa hiyo inatembea kwenye ramani. Simu ikalia: "Kuna wizi kwenye kanda yako!" Nikampigia mzee.

"Mwanangu," akanijibu kwa upole, "taa si ya nyumba? Basi nyumba imehama."

Nikaamriwa kujaza fomu ya kubadilisha anwani. Palipoulizwa jina la barabara niliandika "fuata nyayo za ng'ombe". Mfumo ukakataa.

Novemba 2023 yakaja mafuriko ya El Niño. Mto Tana ukavunja kingo, barabara ya Lamu ikakatika karibu na Gamba, watu wakahamia mahemani. Wakati huohuo bosi akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Timu, mwezi huu tunapaa!" Mwenzetu mmoja, aliyekuwa ndani ya mtumbwi, akajibu: "Nyie paeni, sisi tunaogelea."

Lakini mgala muueni na haki mpeni. Kule kambini mama mmoja alitundika taa yetu mlangoni mwa hema, na majirani wakaenda msalani usiku bila kuogopa nyoka. Alipochelewa kulipa, tulipiga kelele kundini mpaka makao makuu yakakubali taa za wahanga zisifungwe hadi maji yapungue. Siku hiyo niliivaa fulana ya kampuni kwa maringo, japo ilikuwa imechujuka.

Kwa hiyo kijana, ukiitwa na kampuni inayokua mbio, nenda. Cheo pokea, fulana vaa, ila mshahara udai kwa maandishi. Na ukipangiwa Garsen, omba gambuti kabla ya kompyuta.