Waraka kwa Wenye Barafu Yao

Kwa Waheshimiwa Viongozi,
Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu,
Zürich, Uswisi.

YAH: UBINGWA WA DUNIA USIOFIKA HUKU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawasalimu kutoka Ngara, huku pembeni tunakopakana na Rwanda na Burundi. Nawasalimu pia kwa niaba ya jirani zetu wa Biharamulo, ambao hawajanituma lakini najua hawatanikana. Sisi hatujambo. Migomba imesimama, kahawa ipo, na umeme siku hizi haukatiki kama zamani.

Nianze na pongezi, maana mgeni hapigi hodi kwa lawama. Mei 2025 mlikusanya timu za taifa 16 mjini Stockholm na Herning. Fainali Marekani ikaifunga Uswisi, wenyeji wa makao yenu, bao 1-0 katika muda wa nyongeza, ikatawazwa bingwa wa dunia. Mashindano yalipangwa vizuri. Ila nimezihesabu hizo timu 16, waheshimiwa: Ulaya 13, Amerika Kaskazini mbili, na Kazakhstan ikaibeba Asia peke yake. Afrika hakuna. Wala si mwaka huo tu. Tangu mlipoanza kuhesabu mabingwa wa dunia mwaka 1920, hakuna timu ya Afrika iliyowahi kukanyaga daraja hilo la juu. Nasikia katika mchezo wenu aliyecheza rafu hutolewa akakae kibandani dakika mbili, kisha hurudi. Sisi tuko kibandani mwaka wa mia na zaidi, na rafu tuliyocheza hatujasomewa.

Mtasema tatizo ni barafu. Ni kweli, Ngara hatuna. Ya kwetu ni zile barafu za ubuyu wanazouza watoto, na huyeyuka kabla hujamaliza kudai chenji. Barafu kubwa ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro, nayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Moshi ulioongeza joto la kuiyeyusha haukutoka Biharamulo, lakini leo tuyaache hayo. Ninachojua ni kwamba hata ninyi hamchezei barafu ya Mungu siku hizi. Mei huko kwenu ni majira ya maua, na uwanja unagandishwa kwa mashine na umeme. Umeme hata sisi tunao: maporomoko ya Rusumo, hapa kwetu, yanazalisha megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo tusisingiziane hali ya hewa.

Afrika Kusini ni mwanachama wenu tangu mwaka 1937. Ndugu zetu wa Kenya mliwapokea Septemba 2024, wakiwa wanachama washiriki, yaani wale wanaokaribishwa kikaoni bila kupiga kura. Timu yao, Ice Lions, imekulia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Uwanja wenu rasmi una urefu wa mita 60. Huo wa Nairobi ni mdogo sana kwake, na haukujengwa kwa ajili ya mashindano bali kwa watu wa kujifurahisha. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Canada na kampuni ya kahawa kutengeneza tangazo, wakachezeshwa bega kwa bega na nyota wa hoki wa Canada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Tangazo lilikuwa zuri, watu walitokwa machozi. Mimi ninayetoka Kagera, mkoa wa kahawa, nilitabasamu: kahawa inavuka bahari kila mwaka bila kutengenezewa tangazo, na mchezaji wa Afrika alivuka kwa sababu ya tangazo la kahawa.

Nasikia pia hofu yenu kwamba timu changa zikiingia zitafungwa mabao ya aibu. Waheshimiwa, kwa hilo msituonee huruma. Tanzania tulipeleka timu ya mpira wa magongo, ule wa nyasi, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. India ikatufunga 18-0. Tukashika nafasi ya sita kati ya timu sita, tukarudi nyumbani, na nchi haikufungwa.

Na kama mabao 18 ni mengi, fungueni makabrasha yenu wenyewe. Mwaka 1949, mjini Stockholm, Canada iliifunga Denmark 47-0. Arobaini na saba! Hakuna aliyewaambia Wadenmark warudi kwao wakalime. Waliachwa wacheze, wafungwe, wajenge viwanja, wafundishe watoto, wafungwe tena. Mei 2025, kwenye robo fainali pale Herning, Denmark hiyo hiyo ikaitoa Canada 2-1, na Crosby na MacKinnon, wale wa tangazo, walikuwa uwanjani. Denmark ilikaa ndani ya mlango miaka 76 mpaka ikajua kucheza. Sisi tunaambiwa tujue kucheza kwanza ndipo mlango ufunguliwe.

Ninyi na sisi tumeanza kujuana zamani kidogo. Shirikisho lenu lilianzishwa Paris mwaka 1908, wakati huo Biharamulo iko chini ya Mjerumani, ambaye boma lake lipo hadi leo. Wabelgiji, miongoni mwa waasisi wenu, walifika Biharamulo mwaka 1916. Hawakuja na magongo, walikuja na bunduki. Na mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakalala Benaco, hapa Ngara. Tuliwapokea bila kuuliza nani ni mwanachama kamili na nani mshiriki. Wapo waliopita makambi ya huku ambao leo wanaishi Canada na Marekani, na watoto wao wanakua jirani na viwanja vyenu vya barafu. Ikitokea mmoja wao akavaa jezi ya taifa mojawapo na kuwafungia bao, mtangazaji wenu ajue kulitamka jina la Benaco.

Sitaficha kwamba nyumbani nako kuna la kusema. AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na sisi wa Kagera tutaitazama kwenye kibanda umiza, kwa kiingilio, kama watu wa nchi nyingine. Kwa hiyo siwadai uwanja wa barafu Ngara. Hata wa nyasi wa maana sijaudai ukaja.

Ombi langu ni hili. Jengeni uwanja mmoja wa kipimo kamili Nairobi, tuufikie kwa basi. Wapeni Wakenya kura. Wekeni njia ya bingwa wa Afrika kufika kwenye mashindano yenu, hata kama atafungwa 47 mara ya kwanza. Mpaka hapo, mshindi wenu mwiteni bingwa wa Ulaya na marafiki zake. Ni cheo cha heshima, na ni cha kweli.

Wenu katika michezo,
Mkazi wa Ngara.

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa, kwa taarifa tu. Utekelezaji tumeuzoea.