Orodha ya Michango Imo Humo Humo

Kompyuta haiharibiki siku isiyo na kazi. Yangu ilingoja niwe mweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa kaka yangu. Orodha nzima ilikuwa humo: nani kaahidi nini, nani katoa, na nani kila ukimpigia anakwambia mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi.

Natumia Ubuntu. Aliniwekea mpwa wangu alipokuwa chuo, akinisifia kwamba ni ya bure, na kwamba Mark Shuttleworth aliyeianzisha mwaka 2004 ni mtu wa Afrika Kusini aliyewahi kwenda hadi angani. Sikuona anga inahusiana vipi na hesabu za pilau, lakini bure ni bure. Kila toleo hupewa namba ya mwaka na mwezi lilipotoka, pamoja na jina la mnyama. Mimi nilikuwa kwenye 22.04, ya Aprili 2022, Jammy Jellyfish, yaani konyeza, yule ambaye mtu wa pwani akimwona anatoka majini bila kuaga. Likaja tangazo kwenye kioo kwamba 24.04 ipo tayari, Noble Numbat. Numbat ni kijinyama cha Australia kinachokula mchwa. Heri mla mchwa, nikasema, nikabonyeza kukubali.

Mwanzo wake ni wa kistaarabu. Unaarifiwa kwamba kazi inaweza kuchukua saa kadhaa, na kwamba mafaili yakishashuka yote hakuna kughairi. Yakashuka. Yakaanza kupachikwa moja moja, majina ya ajabu ajabu yakipita mbio. Hapo umeme ukakatika. Wenye umeme wao siwataji. Betri ya laptop ilishastaafu zamani, imo mle ndani kwa heshima tu, kwa hiyo kioo kilikuwa cheusi kabla jirani hajamaliza kusema "Wamekata!"

Uliporudi, mashine ikawaka, ikamwaga maandishi meupe, ikagoma kwenye maneno "Kernel panic". Nikampigia mpwa.

"Mjomba, shikamoo. Inasemaje?"

"Marahaba. Inasema imepata kiwewe. Diski yake yenyewe haioni."

Akanieleza kwamba keneli mpya ilishaingia, ila kile kifurushi kidogo kinachoisaidia kufungua diski wakati wa kuwaka kilikuwa hakijaundwa umeme ulipokwenda. Akanielekeza kuwasha kwa keneli ya zamani, akanitajia amri ya kumalizia kazi iliyokatika. Ikajibu kwa kurasa za malalamiko. "Mjomba, tusibembelezane nayo," akasema. "Futa, uweke upya."

Fundi wa karibu alikuwa tayari kabla sijakaa. "Naipiga windo, nusu saa tu, mzee." Nikamuuliza, na mafaili je? Akanitazama kwa huruma. "Mafaili gani tena?" Nikaikumbatia laptop yangu nikaondoka.

Mke wangu alikuwa ameshamweleza katibu, na katibu hajawahi kukaa na jambo. Jioni kundi la kamati lilijaa pole. Watu niliowatafuta tangu kadi zitoke wakaibuka wenyewe. "Pole sana mweka hazina. Mimi si nilikupa laki mbili mkononi, pale msibani?" Mwingine akaandika kwamba mchango wake aliuleta mkewe. Mkewe, ambaye yumo kwenye kundi hilo hilo, akauliza: "Lini?"

Mpwa akanipa njia. Ubuntu inaweza kuwaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaingia, ukachukua vitu vyako, ndipo ukafuta. Faili lenyewe ni karibu GB 6. Nikanunua bando la usiku. Flashi iliyokuwepo ni ya binti yangu, imejaa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa na DJ, na kuiandika Ubuntu ni kufuta kila kilichomo. Kilio chake siwezi kukieleza. Kijana wa steshenari akaniandikia, na kwa kuwa siku ile umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka, nikahamia kwa kinyozi mwenye jenereta.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nchi hii ina wataalamu. Kila kampuni ya laptop ina kitufe chake cha kuita menyu ya kuwashia, wengine F12, wengine F9, wengine Esc, na kila mteja alikuwa na chake anachokiamini. Hatimaye Ubuntu ikawaka kutoka kwenye flashi, diski ya zamani ikafunguka, na faili hilo hapo: "Michango MPYA ya mwisho kabisa 3". Nikalinakili kwenye flashi ya kinyozi, katikati ya taarabu.

Kisha likaja swali lenyewe, futa diski yote uweke Ubuntu. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mzee aliyekuwa kanyolewa upande wa kulia akasogea na shuka lake shingoni.

"Soma Bismillahi kwanza."

Nikasoma, nikabonyeza. Kinyozi akakataa kuwasha mashine yake mpaka mstari ufike mwisho, asije akailemea jenereta, na yule mzee akangoja na nusu ya nywele zake, akitusomea asilimia kwa sauti kila zilipopanda. Zilipoganda kwenye sabini na kitu alinishika bega.

Mfumo ukawaka, safi, mwepesi. Kadi ya Wi-Fi haikutambuliwa hata kidogo. Nikachomeka simu kwa waya, intaneti ikapita humo, kilichokosekana kikashuka.

Jioni hiyo nikaipeleka orodha kwenye kundi, majina na tarakimu, bila neno la salamu. Kimya kikawa kirefu. Halafu yule wa laki mbili akaandika: "Ahsante mweka hazina kwa kazi nzuri. Kumbe nilichanganya na harusi nyingine."

Mkewe yule mwingine akatuma kopa mbili na namba ya muamala. Ametoa kwa jina lake mwenyewe.