Maji ya Tango kwa Bei ya Nyama

Kiganja changu cha kulia kilikuwa bado kina duara jekundu la ukingo wa mfuniko, na mama mkwe alikuwa ameshapanda basi na hadithi yake. Kufikia magharibi ingekuwa imeshuka Korogwe, na kwa jinsi ninavyomfahamu, haingelala kabla ya kupita kwa majirani: mume wa binti yao, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, ameshindwa na chupa ya matango.

Chupa yenyewe niliileta mezani kwa mbwembwe. Pilau limeiva, kachumbari imekatwa, ndizi zimepangwa, wakwe wameshanawa. Nikaona niongeze heshima ya meza. Nikatoa kwenye friji chupa ya matango ya siki, yale madogo yanayosimama wima ndani ya maji, nikaitua katikati na kutangaza, "Haya ndiyo yanayoliwa na nyama huko kwa wenzetu." Kisha nikaushika mfuniko, nikazungusha. Haukutikisika.

Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua anachofanya, nikaukamata upya. Wapi! Nikaomba taulo. Taulo likazunguka, mfuniko ukabaki. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mishipa ya shingo ilinitoka hadi akaanza kuwaza ampigie simu nani wa upande wetu. Shemeji akanyoosha mkono: "Lete hapa, shemeji, hiyo inataka mkono wa JKT." Mkono wa JKT ukahangaika mpaka ukatota jasho. Baba mkwe, aliyefungua injini za malori maisha yake yote, akaipindua chupa, akaigonga kitako, akaitegea sikio, kisha akauliza kwa upole kama nyumba hii haina koleo. Ushauri ukaanza kumiminika: ipashe moto, itie kwenye barafu, zungusha huku, hapana, huku. Mmoja akasema tupige bismillahi kwanza. Mwingine akamjibu tulishaipiga, ila ilikuwa ya pilau. Pilau, wakati huo, lilikuwa linaganda mafuta.

Ndipo binti wa dada yake mke wangu, mtoto wa shule ya msingi, alipoinuka mkekani alikokuwa na wenzake. "Baba mdogo, naomba kijiko." Hakuomba chupa, aliomba kijiko. Akachomeka mkia wake chini ya ukingo wa mfuniko, akapinda kidogo tu. Tsss. Akauzungusha kwa vidole viwili, akaweka kijiko mezani, akarudi mkekani kula. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za mifuniko kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na naomba nisikilizwe, kwa sababu ni elimu tamu. Kiwandani, kabla chupa haijafungwa, mvuke wa moto hupulizwa kwenye ile nafasi kati ya maji na mdomo wa chupa. Mvuke unafukuza hewa, na mfuniko unabanwa papo hapo. Chupa ikipoa, mvuke wote unageuka matone machache ya maji, na pale ulipokuwa panabaki ombwe. Sasa hewa ya nje, ambayo hukandamiza kila sentimita ya mraba ya dunia hii kwa uzito wa takriban kilo moja, inakosa mwenzake wa kusukumana naye kutoka ndani. Mfuniko wenye upana wa sentimita 7 una eneo la sentimita za mraba 38 hivi. Hata tukisema nusu ya hewa imebaki ndani, bado mfuniko umebebeshwa kilo 19. Ni kama mtoto wa chekechea amekaa juu yake na hataki kushuka. Ongeza ule utepe laini wa ndani unaogandana na kioo, ongeza viganja vya Dar es Salaam ambavyo msimu wa joto havijui kukauka, uone kama hata mbeba magunia wa Kariakoo angetoboa. Mkia wa kijiko haushindani na yeyote. Unafungua upenyo, hewa inapita, mtoto anashuka mwenyewe. Na pale katikati ya mfuniko pana kitufe kilichobonyea, kinachoshikiliwa chini na ombwe hilo hilo. Ukikuta dukani kimeshainuka, iache chupa hiyo hapo hapo: hewa imeingia kabla yako.

Laiti msiba ungeishia kwenye mfuniko. Mama mkwe alichukua tango moja, akaling'ata kwa meno ya mbele, akatafuna, kisha akasita.

"Mwanangu, hili limeharibika au ndivyo lilivyo?"

"Ndivyo lilivyo, mama."

"Bei gani?"

Nikamwambia shilingi 15,000. Akaiweka ile nusu pembeni ya sahani kwa adabu zote, akavuta kachumbari. "Elfu kumi na tano, kwa tango? Baba, pesa hiyo ungenipa mimi ningekujazia tenga, na siki ningekununulia."

Aibu ya mfuniko niliimeza. Hii ya bei ilinikaa kooni. Nikarudi kwenye duka kubwa nililonunulia chupa ile, lenye kiyoyozi na vitoroli, nikanunua chupa nyingine ya aina ile, na mbili za bei tofauti, nikaenda nazo kwa Mangi wa pale kwenye kona, maana ndiye mwenye mizani. Nilibeba na chujio la nazi. Mangi hakuuliza kitu. Alisogeza gunia la maharage, akafuta sinia la mizani, akasema, "Leta."

Ya kwanza, ile ya 15,000, imetoka Ujerumani, eneo la Spreewald, kusini-mashariki mwa Berlin. Lebo yake ina uzito wa aina mbili: vyote kwa pamoja gramu 670, matango peke yake gramu 360. Tukachuja, tukapima: 360 kweli, na ushee. Ya pili, shilingi 11,000, matango yake yamelimwa India. Lebo inasema gramu 680, basi, haina neno jingine. Tulipochuja, matango yalikuwa gramu 330. Ya tatu ni kachupa ka shilingi 6,500, gramu 340 kwa mujibu wa lebo. Matango: gramu 160. Mangi aliyatazama yale maji kwenye beseni, akaniangalia usoni, akasema, "Mimi nikiuza hivi, mtaa huu utanichomea duka."

Tukashika kalamu. Gramu 100 za tango la Ujerumani zimenigharimu karibu shilingi 4,170. Za India, 3,330. Za kale kachupa ka bei ya chini, nilikokachukua nikijiona mjanja, 4,060. Yaani rahisi imenikaribia ghali, na kilo moja ya tango kwa bei hiyo inavuka shilingi 40,000. Buchani kwetu nyama ya ng'ombe haijafika hata nusu yake. Tena tango bichi lenyewe, kabla halijaguswa na mtu, ni maji kwa takriban asilimia 95. Mwenyezi Mungu alishalitia maji ya kutosha. Kiwanda kikaona bado.

Kwa utamu, ya kwanza inastahili sifa zake. Ukiling'ata linalia, na ndani limejaa. Ya pili ni kali, ina sukari kidogo, lakini imesimama imara. Ya tatu ililegea mkononi kabla ya kufika mdomoni, na katikati palikuwa na pango tupu. Nilitaka kujua kwa nini, na hapo ndipo nilipopotelea.

Kuna njia mbili za kufikisha tango kwenye chupa. Ya zamani ni kulizamisha kwenye maji ya chumvi na kuliacha kwa majuma kadhaa. Chumvi inawazuia bakteria waharibifu na kuwaachia uwanja wale wanaokula sukari ya tango na kuigeuza asidi ya laktiki, ile ile inayoyachachusha maziwa ya mtindi. Uchachu unatoka kwenye tango lenyewe. Njia ya haraka ni kumimina siki juu ya tango bichi, kufunga, na kupasha chupa nzima mpaka katikati ya tango pafike nyuzi 74 za Selsiasi kwa dakika kama 15. Ukizidisha moto, ile pektini inayoshikilia nyama ya tango inaachia, na unapata kitambaa. Kuna adui mwingine: ncha ya tango palipokuwa na ua. Pale hujificha vimeng'enya vinavyokula pektini polepole, ndiyo maana wenye kazi yao huikata ncha hiyo kidogo, na wengine huongeza kloridi ya kalsiamu, ambayo kwenye lebo hujificha kwa jina la E509, ili tango libaki gumu. Na lile pango? Mara nyingi tango lilikaa mno kati ya kuchumwa na kutiwa kwenye chupa. Hata rangi ina habari yake: asidi inaipokonya klorofili magnesiamu yake, na kijani kinageuka rangi ya zeituni. Tango la siki lililobaki kijani cha mgomba linataka usome vizuri orodha ya viungo.

Halafu kuna wachumaji. Kule Spreewald trekta huvuta mabawa mawili mapana juu ya shamba, na juu yake wachumaji wamelala kifudifudi, mikono ikining'inia chini, wakichuma huku mashine ikitambaa. Matango hayo yamelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1999: huwezi kuyaita ya Spreewald kama hayatoki huko. India nako, kwenye majimbo kama Karnataka, wakulima wadogo huyachuma kwa mkono kila siku, kwa sababu tango lililoachwa usiku mmoja huamka limeshakuwa kubwa, na kadiri linavyokuwa dogo ndivyo linavyolipwa vizuri. Wao wenyewe hawana habari nalo. Nchi iliyotufundisha achari ya embe na ya ndimu, ambayo imejaa kila kabati la pwani hii, inalima haya kwa ajili ya meza za watu wengine, na sasa na mimi nimejiunga na hao watu wengine, kwa 11,000.

Mengine yaliyonipata kwenye utafiti huu si ya kuandikwa kwa urefu. Chupa moja ilivuja kwenye daladala. Harufu iliendelea hadi Mwenge, mimi nilishushwa Makumbusho. Nikajaribu kutengeneza ya kwangu: chupa ilipasuka usiku wa manane, na paka hajarudi. Shemeji amesikia kwamba maji ya matango huondoa uchovu wa pombe, na sasa anakuja bila kualikwa.

Lakini lile beseni la maji pale kwa Mangi halinichekeshi tena. Mizani ya Mangi huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Akipunja gramu 50 za maharage, anajua atakayemjia. Nami nauziwa gramu 680, zaidi ya nusu yake maji ya chumvi, kwa risiti nzuri ya mashine na tabasamu la keshia, na hakuna anayeshtuka. Nilipouliza dukani uzito wa matango peke yake, nilijibiwa, "Si umeandikwa hapo?" huku kidole kikionyesha zile 680. Kwenye kale kachupa, stika ya bei ilikuwa imebandikwa juu kabisa ya maandishi madogo. Niliibandua kwa kucha, na chini yake hapakuwa na kitu cha maana.

Wala si kwamba sheria ya dunia imelala. Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, ambayo Tanzania ni mwanachama, ina kiwango cha jumla cha lebo cha tangu 1985. Kinasema wazi: chakula kilichofungashwa ndani ya kimiminika kitaje, mbali na uzito wa vyote, uzito wa chakula chenyewe kikiwa kimechujwa. Hii ni kwa matango, zeituni, maharage ya kopo, jodari wa kopo, nanasi la kopo. Mama anayeuza achari ya embe sokoni kwenye kikopo cha plastiki hajawahi kusikia habari za Codex, lakini unakiona kikopo kimejaa embe mpaka juu.

Hukumu yangu ni hii. Ukitaka utamu na pesa ipo, nunua ya kwanza. Ukitaka thamani ya pesa yako, ya pili ingeshinda, kama si ukimya wa lebo yake. Ya tatu usiiguse. Bei yake ndogo ni mtego wa watu wanaoona haya kupiga hesabu mbele ya rafu. Na chupa yoyote utakayoshika, iwe ya tango au ya zeituni, igeuze, tafuta uzito wa kitu chenyewe bila maji. Kama haujaandikwa, irudishe, kisha umwambie meneja sababu kwa sauti ambayo wenzako kwenye foleni wataisikia.