Keekee ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, na bahari inanitapisha. Siri hiyo niliificha siku ya posa, nikaificha siku ya harusi, na ningekufa nayo kama mama watoto hangeamua kwamba likizo hii watoto wapelekwe Lamu kwenye makumbusho, wasije wakakua wakidhani jahazi ni jina la mkahawa.

Nilipinga. Nikataja ule mwendo wa basi unaoacha magoti yamepoteza umri, nikataja kwamba barabara inaishia Mokowe na baada ya hapo ni maji. Sababu ya kweli sikuitaja. Baba mkwe ni fundi mstaafu wa majahazi, mtu wa Matondoni, na mwaka ule wa harusi aliniazima keekee yake nitoboe matundu ya rafu. Keekee, kwa mliozoea drili za umeme, ni chombo cha kutobolea mbao: unakizungusha kwa upinde wenye uzi, huku na huku, kama mtu anayepiga fidla. Rafu nilizitoboa vizuri. Keekee niliiuza kwa mchuuzi wa vitu vya kale, na pesa yake tukanunulia kuku. Mama watoto alimsifu sana yule kuku.

Basi tukavuka kwa mashua ya mpwa wa mzee. Wimbi la kwanza likanipata, la pili likanikumbusha chai ya asubuhi. Mzee, aliyeketi omoni kama sultani, akanitazama kwa huruma, akanipungia mkono: "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikasema alhamdulillahi, mzee ameiona hali yangu. Nikanyoosha mikono yote miwili niipokee. Mama watoto akacheka mpaka akashika mlingoti. Kumbe kwa Kiamu ndoo ni njoo. Mzee alikuwa ananiita tu nikaketi naye. Miaka yote hii nimeoa Lamu, na bado lugha ya wakwe inanisubiri njiani kama kisiki.

Kesho yake tukaenda makumbusho. Jumba lenyewe, lililokuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza, liko ukingoni kabisa mwa bahari, jambo ambalo tumbo langu lililiona kama uchokozi. Mji huu wa kale UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nadhani punda waliandikishwa pamoja nao, maana hawampishi mtu.

Binti yangu alisimama mbele ya siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe ya ndovu ambayo imenizidi mimi kwa urefu, akataka kujua inapulizwaje. Mama yake hakujibu hilo. Alimsimulia habari za Mwana Darini, ambaye kwa masimulizi ya Pate aliogopa kunyimwa siwa ya wafalme kwa sherehe ya mwanawe, akamtafuta fundi kwa siri, akachongewa yake. Alipofika kwenye "akachongewa yake" alinitazama. Nimemwahidi kabati tangu mwaka jana.

Lakini ni kwenye mtepe ndipo tulipokwama. Ulikuwa mfano mdogo tu wa chombo, nasi tukaumaliza kwa saa nzima, kwa sababu kijana aliyetuongoza alifanya kosa la kusema, "Mtepe haukuwa na msumari," kisha akavuta pumzi. Pumzi hiyo baba mkwe aliingia nayo. Akaeleza jinsi mbao zilivyoshonwa kwa kamba za usumba, tundu kwa tundu, na jinsi chombo kilichoshonwa kinavyonepa kikigonga fungu, pale ambapo cha misumari kingepasuka. Akaeleza tanga la mkeka. Akaeleza kwamba omo ile yenye shingo ndefu, wazee husema, ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Kisha, bila kuulizwa, akahamia kwenye majahazi yake mwenyewe: mkuku, mataruma, kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, deheni ya kupaka chini ili wadudu wa baharini wasile mbao. Watalii wawili walisogea wakidhani ni sehemu ya kiingilio. Kijana wa watu alikaa chini akawa anasikiliza, na nilimwonea wivu, kwa sababu yeye mzee hamdai kitu.

"Na matundu ya kushonea walitoboa na nini, babu?" akauliza mwanangu wa mwisho, mtoto niliyemlea kwa jasho langu.

Mzee hakujibu. Alikuwa ameshafika kwenye kabati la vioo la zana za mafundi. Nikamfuata polepole, kama mtu anayeitwa kutambua maiti. Keekee ilikuwa humo, na upinde wake. Mzee akachuchumaa, akaweka miwani, akakagua mpini upande mmoja, akazunguka akakagua wa pili. Mafundi huwa na alama zao. Nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazibuni.

Akainuka. "Si yangu," akasema, kisha akanigeukia na kukaa kimya, kimya kirefu cha mtu mwenye siku nyingi za kuishi.

Jioni tulipanda mashua kurudi Matondoni. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya karai, hata mimi tumbo lilikuwa salama. Mzee alikuwa peke yake omoni, akapiga ubao wa pembeni yake kwa kiganja.

"Ndoo, mwanangu."

"Ndiyo, baba," nikasema, nikashika tumbo. "Nipatieni ndoo, upesi."