Waraka kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba: Mpangaji wa Nyamongo Naye Ahesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Tarime, wilaya ambayo wizara yako huifahamu zaidi kwa migogoro ya mipaka kuliko kwa nyumba za watu wake. Najua ofisini kwako kuna mafaili mengi ya mkoa wa Mara. Nakuomba ulitafute moja ambalo nina wasiwasi kama limewahi kufunguliwa: faili la wapangaji.

Ardhi ya huku imebanwa pande zote. Kaskazini ni Kenya. Upande wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ambayo wananchi wa kata za Gorong'a, Nyanungu na Kwihancha wamevutana nayo kwa muda mrefu juu ya vigingi vya mpaka. Ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Halafu kuna Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara unachimba dhahabu tangu mwaka 2002, na kila eneo lake linapopanuka watu husogezwa. Asiye na kitu hukaa kwenye masalia ya mgawanyo huo, na akisogezwa tena hujibana na wenzake ambao nao walikwishasogezwa.

Sheria zetu hazikumsahau kabisa anayehamishwa. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinamtaka mthamini ahesabu ardhi, jengo na mazao, aongeze posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Hiyo miezi 36 naiheshimu sana, kwa sababu aliyeiandika alijua kwamba nyumba haijengwi kwa wiki moja. Swali langu ni nani anayeipokea. Anaipokea mwenye jengo. Mama lishe aliyepanga chumba kimoja karibu na mgodi, mwenye kitanda, jiko la mkaa, masufuria na wanafunzi wawili wa shule ya msingi, hana hata mstari kwenye fomu ya uthamini. Mwenye nyumba akishalipwa, mpangaji huambiwa kwa mdomo kwamba chumba hakipo tena. Anaondoka bila kurudishiwa kodi aliyolipa mbele, anakwenda kutafuta chumba kingine wakati ambao kila aliyehamishwa anatafuta chumba, na kodi imeshapanda. Mheshimiwa, huyo ndiye mtu wa kipato cha chini anayetajwa kwenye hotuba zetu za bajeti, na ndiye pekee ambaye zoezi zima la fidia linapita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi.

Mwenye nyumba naye si kwamba anasalimika. Fikiria nyumba moja ya udongo, bati lake limeshika kutu, namba ya uthamini imeandikwa kwa rangi nyekundu kando ya mlango. Ukuta wa nyuma umepasuka na umeegemezwa nguzo mbili za mkaratusi. Mwenyewe aliambiwa asiendeleze chochote hadi alipwe, na kwa kuwa ni mtiifu, hata udongo wa kukandika ule ufa hajathubutu kuupaka, asije akaambiwa ameongeza thamani. Masika yakianza, watoto huhamia upande wa jikoni. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, na ikichelewa izae riba. Ni sheria nzuri. Lakini saa ya sheria huanza kuhesabu siku ya kuidhinishwa, wakati saa ya huyu mwenye nyumba ilianza siku alipokatazwa kukandika ukuta. Muda ulio kati ya siku hizo mbili hakuna anayemlipa.

Najua utanitajia tegesha. Ni kweli, wapo waliosimamisha vibanda usiku kucha na kupanda miche iliyobanana ili vihesabiwe. Siwatetei. Wamewaponza wenzao, maana leo mwenye mji wa babu yake lazima aanze kwa kujitetea kwamba hakutegesha. Lakini wizara yako haiwezi kuilaani tegesha na kunyamazia kilichoizaa. Ukiwaacha watu wakijua kwamba watahamishwa bila kujua lini, na njia pekee ya maskini kupata nyumba bora ikawa ni kuvunjiwa aliyonayo, usishangae wakigeuza kuvunjiwa kuwa kilimo.

Wilayani Serengeti hali imewahi kuwa mbaya zaidi ya hapo. Oktoba mwaka 2001 wananchi wa Nyamuma walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliwapeleka wananchi 135 mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, tume ambayo serikali yenyewe iliiunda. Tume iliona haki zao zimevunjwa ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubali, na shauri likaburuzwa hadi Mahakama ya Rufani. Mtoto aliyezaliwa mwaka nyumba hizo zilipochomwa sasa ni mtu mzima. Sijui serikali ingemwambia nini kuhusu uzito wa mapendekezo ya tume zake, ila ningependa awepo itakapomwambia.

Sitakubali kuambiwa kwamba jambo hili la kumhesabu mpangaji haliwezekani, kwa sababu nimeona mkilifanya. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, walikuwa wapangaji. Walivunjiwa, wakasubiri miaka mingi, na hatimaye mwaka 2022 zikazinduliwa nyumba 644 kwa ajili ya kaya zao, pamoja na ahadi ya kukaa miaka 5 bila kodi. Kumbe mpangaji anaweza kuorodheshwa kwa jina, akatunzwa kwenye daftari na akarudishwa ndani. Mwaka huohuo familia zilianza kupelekwa Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro, zikakuta nyumba za vyumba 3 kwenye viwanja vya ekari 2.5, na mashamba ya ekari 5. Msomera siisifu, namna watu walivyohamishwa Ngorongoro inalalamikiwa hadi leo, na wenyeji wa Msomera nao wana yao ya kusema. Ila pale serikali ilipokuwa na haraka ya kupata ardhi, ilijenga kwanza. Kwetu ardhi inahitajika kwa haraka ileile, na watu huachiwa hundi, au huachwa na vyombo vyao barabarani.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, nchi ikiwa changa na maskini kuliko sasa, kwa ajili ya watu wasioweza kujijengea. Leo nyumba zake mpya hutangazwa kwa mtu mwenye mshahara au mkopo wa benki, na benki huuliza hati. Mkulima wa Gibaso ana muhtasari wa kikao cha kijiji na mashahidi wazee. Msaada wa nyumba unaomfikia kweli ni ule ambao haukupangwa kuwa wa nyumba: ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambayo mama wa kaya maskini huibana kwenye chakula na sare za shule hadi anunue bati moja, kisha jingine. Naona fahari juu ya mama huyo. Wizara yenye neno Nyumba kwenye kibao chake haina sababu ya kuona fahari hiyohiyo.

Ninachoomba, Mheshimiwa, kinaweza kuanza kwa waraka wako mwenyewe kwa wathamini. Kila nyumba inayothaminiwa, wapangaji wake waandikwe na walipwe angalau kodi ya miezi kadhaa na nauli ya kuhamisha vyombo. Anayesubiri fidia aruhusiwe kwa maandishi kukarabati paa na ukuta. Anayetaka nyumba badala ya fedha ajengewe, na aione imesimama kabla ya kukabidhi funguo za ile ya zamani. Kisha zisaidie halmashauri zetu kupima viwanja vya watu wa chini karibu na Nyamwaga na Mugumu, vilipwe kidogokidogo, visije vikachukuliwa vyote na watumishi siku ya kwanza ya kutangazwa.

Ukiona vema kunijibu, usinijibu mimi peke yangu. Jibu lako libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vya Kewanja, Nyangoto na Gibaso, palepale zinapobandikwa orodha za majina.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Tarime